Matanga ya Timu Iliyoshinda

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu sokoni Tottenham kumnunulia jezi. Si ile halali ya dukani, ni ile ya mezani, inayotoka Mungu anajua wapi, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Muuzaji akaupasua mfuko kwa meno, akaikung'uta jezi mbele ya uso wangu, na ile harufu ikanivaa: nailoni mpya, gundi ya namba ya mgongoni, na kitu fulani kama mafuta ya taa. Nikamwambia mtoto twende zetu. Akaniuliza kwa Kiingereza nina nini, maana siku zote hizo ananisumbua na mimi namwahidi. Nikamjibu harufu yake siipendi. "Lakini si wewe utakayeivaa," akasema. Ana mdomo huyu mtoto, kamrithi babu yake ambaye hakumwona.

Babu yake huyo, baba yangu mimi, alikuwa na jezi ya namna hiyohiyo, nyekundu, ya mezani. Mama alikuwa akiipiga pasi kwa kuitandikia taulo juu, maana pasi ikiigusa ile namba moja kwa moja, namba inahamia kwenye pasi. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa kwenye flati yetu jioni ya ile fainali. Wenzangu wa rika langu mnaijua ninayoisema, hata kama mpira hamuupendi: fainali ya Klabu Bingwa Ulaya iliyochezwa Uturuki, Waingereza wakaenda mapumziko wamefungwa tatu bila na Wataliano, watu wakazima televisheni wakalala, asubuhi wakaambiwa yaliyotokea wakadhani wanataniwa. Kila mwaka huirudia kuionyesha. Kila ikirudiwa mimi hutoka chumbani.

Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, jina lake Maganga, na kazi yake ilikuwa kusafisha ofisi za katikati ya mji wenye ofisi wakiwa wamelala. Kule Tanzania alikuwa shabiki wa timu ya jezi nyekundu, basi alipofika Uingereza hakusumbuka kuchagua, akaiangukia nyekundu ya kwanza aliyoiona. Rafiki yake mkubwa, Anko Kondo, alikuwa Mzaramo wa Dar es Salaam, dereva wa teksi, shabiki wa upande ule mwingine. Hapo tayari pana utani wa mpira. Juu yake kulikuwa na ule mkubwa zaidi, utani wa Mnyamwezi na Mzaramo, ambao ninyi mliokulia kule hamhitaji kuelezwa, na mimi niliyezaliwa hapa nilielezwa nikaelewa kinyume.

Anko Kondo alikuwa hapigi hodi. Alikuwa akiingia, anakwenda moja kwa moja jikoni, anafunua masufuria, anachagua mnofu anaoutaka, anautia mdomoni wa moto, ndipo anasalimia. "Mtumwa wangu, bado unapumua tu? Suti ya msiba wako nimeshanunua, utachelewa mpaka ipitwe na fasheni." Baba naye haachi. "Mzaramo gani ana suti? Ungekuwa nayo ungeshaiuza ukachezee ngoma." Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi nilikuwa sicheki. Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mtu akikusema vibaya kila siku, umwendee mtu mzima ukamshtaki, kwa hiyo nikamshtaki Anko Kondo kwa Baba mwenyewe. Kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikisikia chote lakini ulimi wangu ulikuwa wa huku.

Baba akanipakata. "Nyamizi, yule ni mtani wangu. Mtani hakasirikiwi. Akila chakula changu, kala chake. Akisema nimekufa, mimi nacheka. Asemayo mtani si ya kuweka moyoni." Nikalichukua hilo kama lilivyo, kama mtoto anavyochukua kanuni ya mchezo: Anko Kondo akisema kitu, ujue si kweli. Na Anko Kondo akiwepo penye jambo, basi jambo lenyewe ni mchezo. Nilikaa na kanuni hiyo kwa raha zangu, tena ikanifanya nimpende.

Maana alikuwa ameshatufanyia matanga kabla. Timu ya Baba ilifungwa na kitimu kidogo cha mahali fulani, na kesho yake, Jumapili, mlango ukafunguka wakaingia wanawake wa jumuiya yetu, Watanzania na Wakongo wale tuliosali nao, wamejitanda kanga, wamevua viatu vyao mlangoni, wanalia. "Uuuwi! Maganga, pole, ametutoka!" Kumbe Anko Kondo ndiye aliyewapanga. Wakakaa chini kwenye zulia. Yeye akalaza mto wa kochi, akaufunika shuka jeupe, akausomea wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, aliugua nini, amewaacha wajane wangapi. Mama Furaha, Mkongo wa ghorofa ya chini, mwanamke mzito na mpole, alilia kwa ufundi hata nikamsogelea kumtazama kama machozi ni ya kweli. Yalikuwa ya kweli. Alikuwa akicheka mpaka yanamtoka. Mama akawapikia pilau, wakala, wakaenda zao.

Sasa siku ya fainali. Baba alikuwa na shifti usiku ule, alikuwa ameomba ruhusa akanyimwa, kwa hiyo ilijulikana kwamba ataangalia nusu tu kisha apande basi. Tulikuwa wanne sebuleni: Baba, Mama, mimi, na Anko Kondo ambaye kwa siku moja aligeuka Mtaliano. Alikuja amejifunga kitambaa cha meza cha bluu shingoni, akidai ni cha Kitaliano, nasi tukikijua ni cha mkewe. Hatujakaa sawasawa, goli. Dakika ya kwanza! Anko Kondo alipiga kelele jirani wa upande wa pili akagonga ukuta. La pili likaja, la tatu likaja. Baba alikuwa akijikanda kifua kwa kiganja tangu mchana, akasema ni kiungulia, Mama akampa maziwa baridi. "Hicho si kiungulia," Anko Kondo akasema, "hicho ni Mtaliano amekukalia."

Mapumziko yalipofika alikwenda chumbani kwa wazazi wangu, bila haya, akarudi na shuka jeupe. Akalaza mto. Akaufunika. "Jamani, tusimame kidogo tumkumbuke marehemu." Baba alicheka, nawaapieni, alicheka akiwa ameinama anavaa viatu, akacheka mpaka akakohoa akakaa tena. Kisha akavaa koti lake la kazi juu ya ile jezi. Mlangoni akaniita, akainama tukalingana macho.

"Nyamizi. Wewe ndiye utakayebaki na timu. Usilale mpaka mwisho, Mama hatakugombeza, mimi nimesema. Kesho asubuhi nikirudi nataka matokeo kwako wewe. Sitaki kusikia kwa huyu Mzaramo, atanidanganya."

"Hata kama tumefungwa saba?" nikamuuliza kwa Kiingereza.

"Hata saba. Utaniambia wewe." Akanigonga kichwa kwa kidole kilichopinda, akatoka, na lifti ilikuwa mbovu wiki nzima, nikamsikia akishuka ngazi mpaka viatu vyake vikapotea.

Mnajua yaliyofuata uwanjani. Goli moja, nikaruka. La pili, Mama naye, ambaye alikuwa akikunja nguo mgongo umeielekea televisheni, akageuka. La tatu likaingia na Anko Kondo akavua kile kitambaa, akakikalia. Tatu kwa tatu! Nilikimbia kuzunguka kochi mpaka kizunguzungu. Ndipo simu ya Anko Kondo, iliyokuwa mezani kati ya vikombe, ikawaka jina la Baba, ikalia mara moja, ikakatika.

Tulicheka sote. Hilo lilikuwa jina la pili la Baba, jamani, Maganga wa kubipu. Sijui nani asiyewahi kubipiwa na baba yangu katika London hii. Alikuwa haweki salio la kutosha kwenye simu, anaona ni kuwatajirisha watu matajiri tayari, kwa hiyo anabipu, ukiona umebipiwa unajua ni yeye, unampigia kwa hela yako. Anko Kondo akainua simu juu kama refa na kadi. "Mmeona ubahili wa Mnyamwezi? Amesikia kelele kwenye mabaa huko njiani, sasa anataka matokeo kwa vocha yangu!"

"Mpigie basi, Shemeji," Mama akasema. "Afurahi roho."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba wamesawazisha? Thubutu! Mwache ateseke mpaka asubuhi."

Mama akacheka, akarudi kwenye nguo zake. Na mimi nilifurahi, kwa sababu kama asingepigiwa, habari ingebaki yangu. Haikupita muda simu ikawaka tena jina lile lile. Mara hii haikukatika upesi. Ililia, ikalia tena, ikaendelea, mpaka Mama akainua shingo. "Makubwa leo!" Anko Kondo akasema. "Leo amekufa kwa hamu, anataka nipokee kabisa hela yake iende!" Akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, akaiwekea kikombe juu. Ilitetemeka chini ya kikombe, kijiko kikagonga gonga, halafu ikanyamaza. Tukaendelea na mpira.

Tulishinda kwa penalti. Anko Kondo aliondoka bila kuaga, kabeba na kipaja cha kuku kilichokuwa cha Baba, na Mama akanipeleka kitandani nikiwa najirudia kimoyomoyo jinsi nitakavyomwambia. Nilikuwa nimepanga nianze kwa kununa, nimwambie tumefungwa saba, aseme "aka!", halafu ndiyo nimwambie kweli. Nilipanga mpaka usingizi ukanichukua.

Asubuhi niliamshwa na kilio. Nikatoka chumbani na nguo za kulalia. Mlangoni viatu vya wanawake vimejaa, vimepandana. Sebuleni kochi limesukumwa ukutani, wako chini kwenye zulia, kanga vichwani, Mama yuko katikati yao amekaa miguu imenyooka, Mama Furaha amemkumbatia kwa nyuma, na wanalia lile lile, "Uuuwi, Maganga, ametutoka!" Shuka jeupe la jana lilikuwa bado liko pale pale juu ya mto. Na kwenye kona, amesimama karibu na dirisha, Anko Kondo.

Sasa mngekuwa ninyi mngefikiri nini? Mimi nilikasirika. Nilijua huyu Mzaramo amefanya nini: amewaamsha wanawake wa watu asubuhi yote kawadanganya kwamba tumefungwa, kabla Baba hajarudi, kabla sijasema. Nikapanda juu ya kochi. Na siku hiyo, wallahi, nilisema Kiswahili, chote, kwa mara ya kwanza mbele za watu.

"Acheni kulia! Tumeshinda! Tatu tatu, halafu penalti, tumeshinda!" Nikacheza juu ya kochi ile ngoma ya Baba, ya kukanyaga upande na kupandisha bega. Nikamnyooshea kidole Anko Kondo. "Huyu mwongo! Amewadanganya wote! Baba hakufungwa!"

Kilio kikakatika mara moja. Hakuna aliyenitazama. Wote walitazama chini, isipokuwa Anko Kondo, aliyenitazama mimi na kinywa chake kiko wazi, na nikaona amekubali kwamba nimemgundua, nikazidisha ngoma.

"Muacheni mutoto," Mama Furaha akasema, "hajue kitu."

Mama akasema, bila kuinua uso, "Nyamizi, shuka. Baba yako amekufa."

Nikacheka. Nilicheka kweli, kwa sauti. "Anko Kondo anasemaga hivyo kila siku!"

Mama akainuka kutoka mikononi mwa Mama Furaha, akavuka miguu ya watu, akanishusha kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akanipiga kofi. Hakuwa amewahi kunipiga, wala hakunipiga tena. Shavu likawaka moto na hapo ndipo nilipoelewa, si kwa maneno yake, kwa lile kofi, kwa sababu katika utani wa Anko Kondo watu walikuwa hawapigani.

Baba alikuwa amepanda basi, amekaa juu, mbele kabisa, pale alipopenda kukaa ili aone mji. Watu walipanda, wakakaa karibu naye, wakateremka. Mtu mweusi wa makamo mwenye koti la kazi, amelaza kichwa kwenye kioo cha basi usiku: London nzima inajua mtu huyo ni nani na kwa nini amelala. Hakuna aliyemgusa. Sisemi walikuwa wabaya, hata mimi leo nikipanda basi siwagusi. Basi lilifika mwisho wa safari, dereva akapanda juu kumwamsha.

Siku chache baadaye askari mwanamke alikuja nyumbani kurudisha vitu vyake na kueleza aliyoyasema daktari. Mama Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, na siku zote mkalimani wetu alikuwa Anko Kondo. Alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha jikoni, mikono katikati ya magoti. Askari akaongea, akangoja. Anko Kondo hakufungua mdomo. Akaongea tena. Mama akanitazama mimi.

"Anasema ni moyo," nikamwambia. Nilikuwa na miaka minane, na tangu siku ile ya kochi Kiswahili kilikuwa kikinitoka. "Anasema haikuwa ghafla. Daktari anasema ilichukua muda, labda nusu saa, labda zaidi. Anasema anasikitika sana."

"Muulize, angepona?"

Nikauliza. "Anasema labda. Kama angepata mtu wa kumsaidia mapema. Anasema hawezi kujua." Askari akaongeza kitu, kwa upole, akinitazama mimi na kisha Mama, nafikiri alikuwa anaona aibu kumtumia mtoto. "Anasema simu ilikuwa mkononi mwake. Alimpigia mtu mara mbili, hakupokea. Anauliza kama tunajua alitaka kusema nini."

Kwa nini hakuwapigia wa kumwokoa, mtaniuliza. Namba ya dharura hata haihitaji salio. Nimejiuliza hilo zaidi yenu. Nafikiri mtu akizidiwa hutafuta anayemjua, na mwenye gari karibu alikuwa mtani wake. Na kama alitaka msaada, aliuomba kwa njia aliyozoea kuombea kila kitu: akabipu, akangoja apigiwe.

Mama akasema, na macho yake hayakuwa kwangu wala kwa askari, "Mwambie alikuwa anauliza matokeo ya mpira."

Nikamwambia askari hivyo, nikafurahi kwamba jibu la swali hilo nalijua. Anko Kondo akasimama, akatoka nje, akauacha mlango wazi.

Mama aliamua Baba azikwe hapahapa London, tupate pa kwenda. Siku hiyo palikuwa na jua, na majani ya makaburini yamekatwa karibuni, na wale Waingereza wawili wa kuchimba walikuwa wamesimama mbali kidogo pembeni ya mashine yao, kofia mikononi, wakitungoja. Pasta alisali. Wimbo ukaimbwa. Jeneza likashushwa. Halafu pakawa na ile nafasi ambayo kwetu kila mtu anajua ni ya nani.

Mtani halii msibani. Wengine wakilia, yeye kazi yake ni kusimama amwigize marehemu, avae nguo yake, atembee mwendo wake, aseme ubaya wake wote, awachekeshe wafiwa kwa nguvu ili wasife nao. Asiyefanya amemtupa mwenzake. Lakini Anko Kondo alikuwa amejificha nyuma ya watu, katika suti ambayo kumbe alikuwa nayo kweli, analia kama mtoto, kamasi mpaka kwenye tai. Wazee wakaanza kunong'ona. Mmoja akamgusa bega. Akatikisa kichwa.

Mama akapenya katikati ya watu. Mkononi alikuwa na koti la kazi la Baba.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya adabu kabisa, "mbona umekaa huku? Mwenzio anakungoja. Vaa."

"Shemeji, naomba..."

"Mtani gani anaomba? Vaa."

Alivaa. Lilimbana mabegani. Akasogea kando ya kaburi, na mwili wake, uliozoea, ukaanza wenyewe: akaanza kutembea kama Baba, mguu mmoja unatupwa nje kidogo, bega limepanda. Alikuwa Baba mtupu. Mtu mmoja akacheka. Akajifanya anapanda ngazi kama Baba siku za lifti mbovu, kila ngazi na laana yake. Watu wakacheka zaidi, wanawake wakawa wanacheka na kulia kwa wakati mmoja, wale Waingereza wakatazamana. Hata mimi nilicheka. Nilimwona Baba, na nilikuwa na siku nyingi sijamwona.

"Sasa tuonyeshe anavyobipu," Mama akasema.

Kicheko kikubwa! Nani hakuwa amebipiwa na Maganga? "Ndiyo, ndiyo, abipu!" wakaitikia, wamefurahi, hawajui kitu. Tuliojua tulikuwa watatu. Anko Kondo alimtazama Mama, na Mama akamtazama yeye, akasubiri, mikono imekunjwa juu ya kanga. Akatoa simu yake mfukoni. Akajifanya anabonyeza kwa kidole gumba, akaiweka sikioni, akauigiza mlio wake kwa mdomo, "Tiriri," akakata haraka haraka akaificha kwapani kama mwizi, vilevile kama Baba. Watu wakagongeana viganja. Mama Furaha akaketi chini kwa kicheko.

"Tena," Mama akasema. "Mara ya pili."

Akabonyeza. "Tiriri," akakata.

"Hapana, Shemeji. Ya pili ililia zaidi. Wewe unaijua."

Anko Kondo akaiweka simu sikioni kwa mara ya tatu. "Tiriri," akasema. "Tiriri. Tiriri." Hakukata. Watu waliendelea kucheka kidogo, halafu mmoja akaacha, halafu mwingine, wakaanza kumwangalia Mama. Hakuna anayemkatiza mtani kazini. Yeye akaendelea, amefumba macho, machozi yanamwingia mdomoni, "Tiriri, tiriri," ndani ya koti la Baba, kwa mwendo wa Baba, bega moja juu, na mimi nikaona kwamba Baba anapiga na hakuna mtu mzima hata mmoja anayepokea. Na aliyeambiwa abaki na matokeo alikuwa mimi. Nikatoka kwenye mstari wa watoto, nikasimama mbele yake, nikaweka mkono wangu sikioni kama simu, nikafungua mdomo niseme halo.

Mama akanishika kifundo cha mkono, akaushusha. Hakunivuta kwa nguvu.

"Usipokee," akasema. "Mwache apige."

Nikanyamaza. Nilikuwa nayo yote mdomoni, tatu kwa tatu, halafu penalti, na mbele yangu simu ya Baba ikalia, ikalia, mpaka pumzi ilipomwishia Anko Kondo.